Anayehudumiwa naye ana neno

Mhariri,

Toleo lenu la Jumapili iliyopita lilikuwa na ukurasa mzima wa picha za vikundi vya makanisa vilivyokwenda kuwaona wagonjwa na wazee. Nilizitazama zote, moja baada ya nyingine. Wageni wamesimama, mgonjwa amelala. Wageni wanatazama kamera, mgonjwa anatazama dari. Chini ya kila picha mmetaja jina la kikundi, jina la kiongozi wa msafara na vitu vilivyotolewa. Aliyevipokea ameandikwa tu kuwa ni "mmoja wa wagonjwa". Naomba nafasi niseme kwa niaba yake, kwa kuwa nami ni mmoja wao.

Nilikuwa muuguzi mpaka nilipostaafu. Baadaye nilipata kiharusi, nikapooza upande wa kulia. Barua hii naiandika kwenye simu kwa mkono wa kushoto, herufi baada ya herufi. Binti yangu amerekebisha nukta na mkato tu, maneno ni yangu. Nalisema hilo mapema kwa sababu nimezoea kuona watu wakidhani kwamba ninachokisema kimetoka kwa mtu mwingine.

Sina ugomvi na wanaotutembelea. Wanaacha kazi zao, wanatoa walicho nacho, na Mungu anaiona nia yao. Ila kuna jambo moja linanikaa moyoni tangu nilale hapa, nalo ni hili: huduma ya Mkristo haina unyenyekevu ndani yake kama anayehudumiwa hana kauli. Mtu akiamua peke yake ninahitaji nini, lini, na kwa kiasi gani, hata akipiga magoti mbele yangu bado yuko juu na mimi niko chini.

Wakija, huja kundi. Wanaimba, na nafurahi sana wakiimba. Kisha mmoja anamgeukia binti yangu na kumwuliza, "Mama anakula? Analala vizuri? Tukisema anasikia?" Nami nipo hapo hapo, kichwa changu kiko kwenye mto hatua moja kutoka aliposimama. Nasikia. Ulimi wangu ndio mzito, neno linafika ila linachelewa. Nikianza kujibu, mwenye huruma ananimalizia, na mara nyingi anamalizia lile ambalo sikutaka kulisema. Wakati wa maombi mtu hunishika mkono wa kulia na kuuinua juu. Huo ndio mkono uliopooza. Bega la mtu aliyepooza halina tena misuli ya kulishikilia sawasawa, na mkono ukivutwa kiungo kinaweza kuteguka, maumivu yakadumu kwa muda mrefu. Muuguzi yeyote anajua hilo. Ndugu aliyeniombea hakujua, wala hakuuliza. Nilipokunja uso kwa maumivu alizidi kuomba kwa sauti kubwa.

Yupo dada mmoja anayefanya usafi kanisani kwetu. Hajawahi kusimama madhabahuni hata kutoa tangazo. Siku ya kwanza alipokuja alisimama mlangoni akasema, "Mama, naweza kuingia, au nije wakati mwingine?" Tangu niugue hakuna mtu wa nje aliyekuwa ameniuliza hivyo. Nikamkaribisha. Akavuta kiti, akaketi mpaka macho yetu yakalingana, akauliza, "Leo ungependa tufanye nini?" Nilichelewa kujibu. Alingoja, hakunimalizia. Nikamwambia: miguu.

Akaleta maji, nami nikamwelekeza. Maji ya kumwosha aliyepooza hayapimwi kwa mguu uliopooza, kwa maana huenda mguu huo hausikii moto, ngozi ikaungua na mwenyewe ametulia tu. Yanapimwa kwa kiwiko cha anayeosha, kisha kwa mguu mzima wa mgonjwa, na mgonjwa ndiye anayesema kama yanafaa. Kisigino kinabebwa kwa kiganja kutoka chini, hakivutwi kwa vidole. Katikati ya vidole ndiko watu wanakokusahau. Pasipokaushwa vizuri ngozi inalowana na kupasuka, na kwa mwenye kisukari mpasuko mdogo wa hapo unaweza kuishia kwa kukatwa mguu. Kisha kisigino kitazamwe kama kuna mahali palipobadilika rangi au pana joto kuliko penginepo, kwa sababu kidonda cha kulalia huanza hivyo, kabla ngozi haijafunguka. Alisikiliza yote. Kila alipofika mahali papya aliuliza, "Hapa sawa? Nikaze au nilegeze?"

Katika kazi yangu nimeosha miguu mingi, siwezi hata kukisia ni mingapi. Lakini ni kutoka kitandani ndipo nilipoanza kumwona Petro katika sura ya 13 ya Injili ya Yohana. Mahubiri mengi tunayoyasikia Alhamisi Kuu yanamtazama Bwana aliyeinama, na ni haki yatazame hapo. Alivua vazi lake, akajifunga kitambaa kiunoni, akatia maji, akawatawadha na kuwafuta kwa kitambaa kile kile alichojifunga. Yaani maji ya miguu ya wengine yalilowesha alichovaa yeye. Na miguu ya Yuda ilikuwemo.

Lakini Petro naye yumo, ameketi, na ameona haya. "Wewe hutanitawadha miguu kamwe." Kwa miaka nimesikia maneno hayo yakielezwa kuwa ni kiburi cha Petro, au ujinga wake. Mtu aliyewahi kuoshwa na mtu mwingine hawezi kuyasikia hivyo. Kuoshwa ni kazi ngumu. Unaonekana ulivyo, kucha zako, harufu yako, ngozi yako iliyosinyaa, na huna la kumlipa anayekuosha. Sasa tazama Yesu alivyomfanyia. Maji yalikuwa tayari, kitambaa kiko kiunoni, ni usiku wake wa mwisho na saa imefika. Hakumshika mguu kwa nguvu kwa hoja kwamba ni kwa faida yake. Alisimamisha kazi akazungumza naye, akamweleza kwamba bila hilo hana shirika naye, mpaka Petro akakubali kwa kinywa chake mwenyewe. Na Petro alipotaka mikono na kichwa vioshwe pia, Yesu alimjibu kwamba aliyekwisha kuoga anahitaji kunawa miguu tu. Hakumnyima kilichomfaa, wala hakumrundikia kisichohitajika. Ningependa kila kiongozi wa kamati ya huduma aisome mistari hiyo kuanzia wa 6 mpaka wa 10 polepole, akijiweka kwenye kiti cha Petro.

Zipo jumuiya zinazokitunza kitendo hicho hadi leo. Wakatoliki wanakifanya Alhamisi Kuu, Waadventista hutawadhana miguu kabla ya Meza ya Bwana, na Wamenoni wengi nao wanacho. Kwa Waadventista wanatawadhana wawili wawili, huyu kwa yule na yule kwa huyu, na nauona uzuri mkubwa katika utaratibu huo, kwa sababu hakuna anayebaki kuwa mtoaji tu. Mwaka 2013, siku chache baada ya kuchaguliwa, Papa Fransisko aliipeleka ibada ya Alhamisi Kuu katika gereza la vijana la Casal del Marmo mjini Roma, akawaosha miguu vijana 12 waliofungwa, wakiwemo wasichana na Waislamu. Watu walibishana sana kuhusu nani anastahili kuoshwa. Mimi lilinigusa kwamba aliwaendea walipokuwa.

Niruhusuni nirudi kwenye Injili, safari hii kwa Marko, sura ya 10. Yakobo na Yohana, wana wa Zebedayo, wanamwendea Yesu wakiwa na ombi. Anawauliza wanataka awafanyie nini. Wanataka viti, mmoja kuume na mmoja kushoto katika utukufu wake. Wale kumi wanakasirika, na hapo ndipo Yesu anapowaambia kwamba wakuu wa mataifa wanawatawala watu kwa nguvu ila kwao isiwe hivyo, na kwamba Mwana wa Adamu naye hakuja kutumikiwa bali kutumika. Kila mhubiri anaufahamu mstari huo wa 45. Lakini endelea kusoma kidogo tu. Wanatoka Yeriko, na Bartimayo kipofu ameketi kando ya njia anapaza sauti. Umati unamkemea anyamaze. Hao ni watu wanaomfuata Yesu, si maadui zake. Yesu anasimama, anaagiza aitwe, na anamwuliza swali lile lile alilowauliza mitume wake wawili: unataka nikufanyie nini?

Kila mtu aliona kwamba mtu yule ni kipofu. Yesu aliona. Bado aliuliza, akangoja jibu. Mwombaji wa kando ya njia alipewa heshima ile ile ya kuulizwa waliyopewa mitume, na ndiye aliyeitumia vizuri kuliko wao. Sijui mahali pengine katika Injili panaponionyesha unyenyekevu wa Kristo waziwazi namna hiyo, na halikuhitajika hata tone la maji.

Natambua pingamizi lililopo, na nililisikia mara nyingi wodini. Watasema wagonjwa wakiulizwa hawatakoma kuomba, na watu wa kujitolea ni wachache. Ni kweli wapo wagonjwa wasumbufu. Benedikto wa Nursia, katika kanuni aliyowaandikia watawa wake karne ya 6, aliliweka hilo bayana katika sura ya 36: wagonjwa wahudumiwe kabla na kuliko mambo yote, kama vile ni Kristo mwenyewe anayehudumiwa, na wagonjwa nao wasiwahuzunishe ndugu zao kwa kudai kupita kiasi. Naipenda kanuni hiyo kwa sababu inanipa na mimi wajibu. Anayepewa wajibu amehesabiwa kuwa mtu mzima. Nami najitahidi nisiombe mawili pale ambapo moja linatosha.

Watasema tena, wengine hawawezi kusema kabisa. Nao wanaulizwa. Wodini tulikuwa tukimwambia mgonjwa afumbe macho mara moja kwa ndiyo na mara mbili kwa hapana, au abonyeze kidole. Aliyepotewa na kumbukumbu hawezi kukujibu jana alikula nini, lakini ukimsogezea shuka mbili ataigusa anayoitaka. Kinachohitajika ni muda, na muda ndio mtu mwenye kujiona mkubwa anaoona taabu kuutoa.

Kuna mtu wa kale ambaye wauguzi Wakatoliki wanamheshimu kama msimamizi wao, Camillus de Lellis. Mimi si Mkatoliki, lakini nilimfahamu kupitia wenzangu kazini. Alizaliwa mwaka 1550, akawa askari, akacheza kamari mpaka akafilisika. Alikuwa na kidonda mguuni kisichopona. Kidonda hicho ndicho kilichomfikisha katika hospitali ya San Giacomo mjini Roma, akawa mgonjwa na mtumishi katika nyumba moja. Baadaye alianzisha shirika la kuwahudumia wagonjwa, likakubaliwa na Papa mwaka 1586, na katika taratibu zake aliwataka ndugu zake wamhudumie mgonjwa kwa upendo wa mama kwa mtoto wake wa pekee aliye mgonjwa. Wagonjwa aliwaita mabwana zake. Mwaka 1607 aliacha ukuu wa shirika alilolianzisha mwenyewe, akaendelea kuwahudumia wagonjwa hadi alipofariki mwaka 1614, na mguu wake bado ni ule ule. Nadhani kidonda kile ndicho kilichomlinda asiwatazame wagonjwa kutoka juu.

Na Paulo je? Wimbo mkuu wa unyenyekevu wa Kristo uko katika sura ya 2 ya Wafilipi, ule unaosema alijifanya kuwa hana utukufu, akatwaa namna ya mtumwa. Sisi tunaukariri. Ni mara chache tunakumbuka kwamba aliyeuandika alikuwa kifungoni, akiishi kwa msaada wa watu. Wafilipi walikuwa wamemtumia vitu kwa mkono wa Epafrodito, na Epafrodito mwenyewe akaugua karibu ya kufa. Basi maneno hayo yametoka kwa mtu anayehudumiwa. Katika sura ya 4 Paulo anawashukuru bila kujidhalilisha, anawaambia amepokea na amejaa tele, na bado anawafundisha, anawaonya, anawapatanisha akina mama wawili waliokosana kanisani. Hawakusema kwamba kwa kuwa sasa wanamlisha, anyamaze.

Wodini nimewaona wagonjwa wengi wakinyamaza. Watu wenye akili, walimu, mafundi, mama waliolea nyumba kubwa, wakifikia mahali pa kusema "asante" tu kwa kila kitu, hata kwa kile kinachowaumiza, kwa kuogopa wasije wakaachwa. Shukrani ya namna hiyo ni woga, na kanisa likiipokea na kuipiga picha linajidanganya.

Kwa hiyo, Mhariri, naona njia imekwisha kuonyeshwa, katika Matendo ya Mitume sura ya 6. Wajane wa Wayahudi wenye kusema Kiyunani walikuwa wakisahauliwa katika huduma ya kila siku. Watu wao wakanung'unika. Mitume hawakuwakemea kwa kukosa shukrani. Wakaita kusanyiko, wakaomba wachaguliwe watu saba, na majina yao yameandikwa: Stefano, Filipo, Prokoro, Nikanori, Timoni, Parmena, na Nikolao mwongofu wa Antiokia. Majina yote saba ni ya Kiyunani. Inaelekea kwamba kusanyiko liliwakabidhi usimamizi watu wa upande ule ule uliokuwa ukilalamika. Huo ni unyenyekevu wa kanisa zima, wenye mamlaka wakiachia mkate na hesabu yake mikononi mwa walionyimwa.

Naomba makanisa yetu yafanye vivyo hivyo. Katika kila kamati ya huduma aingie mtu ambaye sasa hivi anahudumiwa: mgonjwa wa nyumbani, mjane, mtu mwenye ulemavu, mzee asiyetoka. Asiwekwe kwa ajili ya kutoa ushuhuda mwisho wa kikao, awe mjumbe mwenye kura, na kama hawezi kufika, kikao kiende kwake au apigiwe simu. Kabla ya kundi kumtembelea mgonjwa, mtu mmoja amwulize siku inayomfaa na anachokihitaji. Wanaokuja wawe wachache, wakae chini. Mtu asimguse mgonjwa kabla ya kumwuliza anaumwa wapi. Na picha, kwa nyinyi wa magazeti pia, zipigwe pale tu mwenye uso amekubali akiwa na uwezo wa kukataa, na jina lake liandikwe kama mlivyoyaandika majina ya wengine.

Lingine ni hili, na kwangu ndilo zito kuliko yote. Mkwewe Simoni, Yesu alipomshika mkono akamwinua, homa ikamwacha, naye akawatumikia. Mimi homa yangu haijaniacha na pengine haitaniacha, lakini hamu ile ya mama yule ninayo. Yule dada wa usafi amejifunza kwangu namna ya kumgeuza mgonjwa bila kumkwaruza ngozi, kumweka mto kati ya magoti, kumkalisha kitandani kwa kumwegemeza upande wake mzima. Sasa anawaendea wengine wawili waliolala kama mimi, na jioni hunipigia simu kuniuliza pale anapokwama. Hiyo ni huduma yangu, na siku akipiga simu nalala vizuri.

Nimemwandikia katibu wa kanisa letu kuomba majina na namba za wagonjwa wa nyumbani wanaokubali kupigiwa simu, ili mimi nizungumze nao, mmoja asubuhi na mmoja jioni. Nasema polepole, nao wengi wao wana muda. Katibu alinijibu kwa upole kwamba nipumzike, kanisa litanihudumia. Namshukuru. Orodha ile bado naihitaji.

Wenu katika Kristo,

Muuguzi mstaafu